Koti Limeng'aa, Bika Zimechafuka

Watu wangu, leo nimeaibika. Si ile aibu ndogo ya kusahau jina la mtu mliyesoma naye. Nimeaibika mbele ya jopo, mbele ya wanafunzi ishirini na sita, tena kwa spika ya simu, nikiwa nimevaa koti jeupe kuliko yote Kitengela. Wacha niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana nasikia kuna video. (Sijaiona. Sitaki kuiona.)

Kwa wale hawajui, mimi nafundisha kemia katika chuo kimoja cha ufundi hapa Kitengela. Miaka mitatu sasa nimekuwa wa mkataba, muhula mmoja mmoja. Muhula ukiisha, nakusanya kalamu, kikombe na slipa zangu za maabara, naenda nazo nyumbani, halafu nakaa karibu na simu kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Ikilia, narudi na kikombe. Mke wangu, Mama Shantel, husema kile kikombe kimesafiri kuliko yeye.

Sasa mwezi uliopita chuo kikatangaza nafasi ya kudumu. Moja tu! Tukachujwa, tukachujwa, mwishowe tukabaki wawili: mimi na Madam Sintei. Sintei ni dada wa kutoka upande wa Kajiado, mpole, anaongea kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto alale. Amefundisha kwetu muhula mmoja. Mimi nilishaanza kumhurumia. Juzi kwa chumba cha walimu nilimwambia, "Madam, usife moyo. Nafasi zingine zitakuja." (Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu.)

Leo ndiyo ilikuwa siku. Kila mmoja afundishe somo moja mbele ya jopo, mwenzake akiwa amekaa nyuma anatazama. Mada ni ile ile kwetu sote: kulinganisha jinsi chumvi zinavyoyeyuka kwa kutumia Ksp.

Nyinyi mliokimbia kemia, msitoroke tena. Ksp ni namba tu. Kila chumvi ngumu ina yake. Namba ikiwa ndogo sana, ujue hiyo chumvi ni ya kugoma, haitaki kuyeyuka. Chumvi mbili zikiwa zimeundwa kwa mtindo mmoja, unalinganisha namba zao na kazi imeisha. Lakini mtindo ukitofautiana, ile namba inakudanganya mchana kweupe. Huo ndio mtego wa mada hii, na mimi niliupenda mno. Nimewanasa wanafunzi nao kwa miaka mitatu.

Mpango wangu ulikuwa wa bika tatu, zile glasi za maabara. Bika ya kwanza, maji matupu: nadondosha nitrati ya fedha, dawa ambayo sisi wa maabara tunaiita silva, na hakuna kinachotokea. Bika ya pili, maji yenye kromati, rangi yake njano: nadondosha silva, inageuka nyekundu ya matofali. Bika ya tatu, kromati pamoja na kloridi, ambayo ndiyo iko kwa chumvi ya jikoni. Hapo wanafunzi wanapiga kura. Silva itashika gani kwanza? Wakiangalia Ksp watasema nyekundu itatangulia, kwa sababu namba ya kromati ni ndogo kuliko ya kloridi zaidi ya mara mia. Halafu nadondosha, na inatangulia nyeupe! Darasa linashika kichwa! Mimi nainama kidogo, jopo linaweka sahihi, nampigia mama kule Bungoma.

Shida ni maji. Silva ikikutana na kloridi hata kidogo inatoa weupe. Na maji ya Kitengela mnayajua wenyewe. Ile borehole yetu, kisima cha kuchimbwa na mashine, ukipikia chai unaweza kudhani umekoroga supu. Sabuni haitoi povu. Birika ina ukoko mweupe kwa ndani. Ndiyo maana kila nyumba ina jerikeni za aina mbili, za maji ya chumvi ya kuosha na za maji fresh ya kupikia, na mtoto wa hapa anajua tofauti kabla hajajua kuhesabu. Chuoni tuna mashine ya kutengeneza maji safi ya maabara, lakini imekufa tangu muhula uliopita.

Lakini mimi ni mtu wa mipango. Wiki mbili zilizopita mvua ilinyesha. Nikatoka nje na beseni, nikasimama uwanjani (si chini ya paa, paa lina vumbi), nikakinga lita ishirini za maji kutoka mbinguni moja kwa moja. Majirani walichungulia dirishani. Nikayatia kwa jerikeni ya buluu, nikafunga kifuniko na nailoni, nikaificha nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Sikumwambia mtu ni ya nini. Nilijiona mtaalamu mwenye siri.

Asubuhi ya leo naamka, nakuta koti langu la maabara limening'inia dirishani. Nikasimama. Nikafikicha macho. Jamani, jeupe! Hilo koti miaka mitatu limefuliwa na borehole mpaka likawa na rangi ya uji na ugumu wa katoni. Leo lilikuwa laini, linang'aa, ungesema la daktari wa wiki ya kwanza.

"Mama Shantel, umefanya nini hapa?"

"Si nimefua tu."

Nikamsifu. Nikamsifu mpaka akaniuliza kama nimekunywa kitu. Sikuuliza swali la pili. (Mkemia huyo. Anayejua fika kwamba maji ya chumvi hayatakatishi nguo nyeupe. Hakuuliza.)

Nikachukua jerikeni yangu nyuma ya mlango. Imejaa hadi mdomoni, nailoni imefungwa sawasawa. Nikapanda bodaboda, nimeipakata, huku koti nimelishika juu kwa hanga lisiguse tairi. Tukapita sokoni namna hiyo. Mama mmoja wa mboga akaniita "Daktari!" Sikumrekebisha.

Maabara nilifika mapema. Nikachanganya kromati yangu na maji yangu. Sasa hapa nataka mnisikize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipojichimbia kaburi. Kuna kitu kinaitwa kupima maji kabla ya kazi. Unadondosha silva tone moja kwa maji yako, unaangalia. Sekunde tatu! Wanafunzi wangu nawakata alama wakisahau. Mimi leo zile sekunde tatu, na dakika kumi zaidi, nilizitumia mbele ya kioo cha dirisha nikijitazama nikiwa na koti. Ile picha mliyoona kwa status saa moja na nusu, yenye maneno "Mungu mbele", ilipigwa wakati huo.

Jopo likaingia. Ni watu wawili. Wa kwanza ni Principal wetu, mama anayetumia kalamu nyekundu hata kuandika orodha ya kwenda dukani. Wa pili ni Chairman wa bodi, mzee mfugaji wa huko Kajiado, kofia kubwa, fimbo mkononi, na kicheko kinachosikika mpaka kantini.

"Sopa!" Chairman akasalimia.

"Epa!" darasa zima.

"Mimi kemia sijui," akasema akikaa. "Kwa hivyo ukinifundisha nielewe, nitajua wewe ni mwalimu."

Nikamwambia hata asiwe na wasiwasi.

Nikaandika namba mbili ubaoni, ya kloridi na ya kromati. Nikageuka kwa mbwembwe, koti likapepea. "Ni nani anaona kromati ndiyo imekataa kuyeyuka zaidi?"

Mikono yote ikapanda. Hata fimbo ya Chairman ikapanda.

"Namba yake ndiyo ndogo," akasema.

Nikacheka. Kicheko cha huruma, mnakijua? "Mzee, hapo ndipo watu wengi huanguka. Mtu akiona namba ndogo, anakimbia nayo bila kuuliza imetoka wapi."

Nyuma kabisa Sintei alikuwa ananiangalia kwa utulivu, daftari kwenye magoti. Nikamwonea huruma tena.

"Sasa tuanze na maji matupu," nikasema, nikiinua bika ya kwanza juu. "Haya ni maji ya mvua. Nimeyakinga mwenyewe. Hakuna chumvi hapa, hakuna kitu. Nikiweka silva, mtaona..."

Nikadondosha.

Bika ikawa maziwa.

Nje kulikuwa na mbuzi analia, nakumbuka.

"Mwalimu, imekuwa white," akasema msichana wa mstari wa mbele, kwa upole wa mtu anayekuambia zipu iko wazi.

"Hilo ni vumbi," nikasema. "Bika ilikuwa na vumbi." Nikachukua bika nyingine, nikaisuuza vizuri (na maji yale yale), nikajaza (maji yale yale), nikadondosha. Maziwa tena. Mazito kuliko ya kwanza.

"Vumbi ya leo iko na nguvu," akasema Chairman.

Kalamu nyekundu ikaanza kutembea kwa karatasi. Sikuwahi kujua kalamu ina sauti. Nikaona bora niruke niende kwa bika ya pili, maana hiyo haijawahi kuniangusha. "Hii nayo iko na kromati peke yake! Hakuna kingine! Angalieni nyekundu itakavyotoka!"

Nikadondosha. Pale tone lilipoangukia pakawa pekundu. "Mnaona!" nikapiga kelele. Nikakoroga. Wekundu ukatoweka. Nikadondosha tena. Nyekundu! Nikakoroga, ikapotea. Chini ya bika kukaanza kujaa ukungu mweupe ndani ya ile njano, mchanganyiko wa kutisha, kama mayai yaliyokorogwa na mtu mwenye hasira. Tone la saba. La tisa. La kumi na mbili. Jasho likaanza kunitoka. Nikajipangusa kipaji cha uso na vidole. Nikajipangusa juu ya mdomo. (Vidole vilikuwa vimelowa silva. Tutafika huko, msiwe na haraka.)

"Mwalimu Wafula," Principal akasema bila kuinua kichwa, "hiyo red yako inakuja leo?"

Na hapo, watu wangu, hasira zikanipanda. Mtu mwenye akili angesema, wacha nichunguze maji. Mimi nikaweka ile dropa ya kudondoshea chini kwa kishindo nikasema, "Haya maji yamechezewa."

"Yamechezewa na nani?"

"Sitaki kutaja jina. Lakini jerikeni imekaa hapa maabara saa nzima, na sio mimi peke yangu natafuta hii kazi."

Darasa likasema "Eeeeiii!" kwa pamoja, kama wamefanya mazoezi.

Sintei akasimama pale nyuma. Hakupandisha sauti. "Mwalimu, unasema mimi nimekuwekea chumvi kwa maji?"

"Sijasema wewe."

"Tuko wawili tu."

Nikatazama dari. Nilijua nimesema jambo baya, maana mtu akiandikwa kwamba aliharibu mtihani wa mwenzake, hapati kazi hapa wala kwingine. Nilijua, na bado sikurudisha maneno. Hiyo ndiyo sehemu ya leo isiyonichekesha.

Chairman akagonga sakafu na fimbo. "Ngoja kwanza. Ero, kijana, hii maji ilitoka wapi?"

"Nyumbani kwangu, Mzee. Nilifunga mwenyewe na nailoni. Kule hakuna mtu aliigusa."

"Nyumbani kuko nani?"

"Mke wangu."

"Basi mpigie. Weka loudspeaker tusikie sisi wote. Mimi mtu akiniambia mbuzi yake imeibiwa, kwanza naenda kuangalia kama iko kwake."

Mnadhani niliogopa? Nilifurahi! Nilinyoosha kola! Nikatoa simu kama wakili anayetoa ushahidi wa mwisho, nikapiga, nikaweka spika, nikaiinua juu darasa zima lisikie.

"Haloo, Baba Shantel! Umeshapata kazi?"

Wanafunzi wakaanza kuinamia madawati.

"Bado. Sikiza, uko kwa loudspeaker. Niko na Principal na Chairman."

"Wooi! Hamjambo! Habari ya asubuhi, Mzee! Habari, Madam!"

"Mzuri sana, mama," wakajibu wote wawili.

"Mama Shantel, ile jerikeni ya blue, nyuma ya mlango..."

"Ile ya maji ya mvua?"

"Hiyo hiyo. Kuna mtu aliigusa?"

"Aguse nani? Hakuna mtu ameigusa."

Nikamtazama Sintei. Nikatabasamu. Nikawatazama jopo. Nikaanza kushusha simu.

"Ni mimi tu nilifulia koti yako."

Nikabaki na simu hewani.

"Ulifulia... na yote?"

"Sasa? Ungeenda interview na koti imekaa rangi ya uji? Borehole ilikataa kutoa povu, nikaona hii ya mvua inakaa tu hapo bure. Nikafua nayo, nikasuuza nayo mara mbili. Lakini usijali, sikukuachia tupu. Nilikujazia."

"Ulijaza na nini, Mama Shantel?"

"Na ya mfereji."

"Ile ya borehole?"

"Kwani tuko na mfereji mwingine? Nilijaza mpaka juu. Hata nailoni nikaifunga vile ulikuwa umeifunga, usije ukasema nimeharibu vitu vyako. Haloo? Baba Shantel? Koti si imetoka safi?"

Chairman akainama, akaisogelea simu. "Mama, koti ni safi sana. Mimi hata imeniumiza macho."

"Asante Mzee! Mungu awabariki! Mpatieni kazi, ni mtu mzuri!"

Ikakatika.

Sijui niwaelezeje kicheko kilichofuata. Kulikuwa na kijana alianguka kutoka kwa kiti, kweli kweli, akabaki huko chini. Principal alijifunika na karatasi zake. Chairman alicheka mpaka akavua kofia. Mimi nilisimama katikati yao na koti langu, na kadiri nilivyosimama ndivyo lilivyozidi kung'aa. Ningetamani angalau liwe na doa moja nijifiche nalo.

"Mwalimu Wafula," Principal akasema alipopata pumzi, "uko na kitu ya kumwambia Madam Sintei?"

"Samahani, Madam," nikasema. Ilitoka ndogo, ya kooni.

"Sawa," akasema. "Time yako imeisha?"

Ilikuwa imeisha. Ikawa zamu yake, na mimi nikaenda kukaa nyuma kwa kiti chake, ambacho bado kilikuwa na joto.

Alikuwa na vifaa vyake kwa kikapu. Akaviacha. Akaenda mezani, akachukua bika yangu ya pili, ile ya njano yenye ukungu, ile niliyoitukana.

"Mwalimu Wafula alituambia hapa ndani kuna kromati peke yake," akasema. "Sasa tumejua maji ni ya borehole. Kwa hivyo hapa ndani kuna nini?"

"Kromati na kloridi!" darasa.

"Na silver imeanza kushika gani?"

Yule msichana wa mbele akaruka. "Ile white! Madam, kloridi ndiyo imetangulia!"

Watu wangu. Watu wangu! Ilikuwa ndiyo bika yangu ya tatu! Ule mtego niliokuwa nimeupanga wiki mbili, nyeupe kutangulia nyekundu, ulikuwa unatokea mkononi mwangu, mbele ya macho yangu, tone baada ya tone, na mimi nikauita hujuma. Nilianguka ndani ya mtego wangu mwenyewe, halafu nikataka kumfunga jela aliyekuwa anapita njia.

Sintei akaanza kudondosha. Pole pole. Akaanzia pale nilipoachia, akawaambia wahesabu. "Kumi na tatu! Kumi na nne!" Darasa likawa linaimba. Chairman akawa anagonga na fimbo. Ishirini. Thelathini. Thelathini na tano. Wekundu unatokea, anakoroga, unapotea. Thelathini na nane, akakoroga, na wekundu ukabaki! Bika nzima nyekundu ya matofali! Wakapiga makofi. (Na mimi nilipiga. Mikono ilijiendea yenyewe.)

Kisha akaandika ubaoni. "Kloridi moja inataka silver mmoja. Kromati moja inataka silver wawili. Kwa hivyo kwa hesabu ya kromati, silver anaingia mara mbili. Ukizidisha kitu kidogo na kitu kidogo, na tena na kitu kidogo, jibu linazidi kuwa dogo. Sio kwa sababu imekataa kuyeyuka. Ni kwa sababu tumezidisha mara nyingi. Usilinganishe namba kabla hujarudi nyuma kuuliza, ni kiasi gani imeyeyuka yenyewe?"

"Ya kloridi tunarudije?" akauliza.

Na nawaapia, nikajikuta nimeinua mkono. Mimi! Mwalimu wa miaka mitatu!

"Ndiyo, Mwalimu Wafula?"

"Kipeuo cha pili. Na ya kromati tunagawa kwa nne, halafu kipeuo cha tatu."

"Vizuri sana."

Nikafurahi! Nikakaa vizuri kwa kiti! (Shida yangu ni nini hasa?)

Wakapiga hesabu, ikatoka kwamba kromati, ile yenye namba ndogo, inayeyuka karibu mara tano zaidi ya kloridi. Chairman akatikisa kichwa. "Kwa hivyo mimi nilidanganywa na namba."

"Ndiyo, Mzee. Na hayo matone thelathini na nane yanatuambia pia borehole ya huku iko na chumvi kiasi gani."

Mzee akakaa wima. "Hata yangu ya boma unaweza kupima?"

"Naweza, Mzee."

"Ashe oleng!" Chairman akamshukuru kwa Kimaasai, na hapo hata mimi nilijua kazi imeenda.

Tukaambiwa tungoje nje. Hakuna kivuli pale nje ya ofisi, ni jua la Kitengela tu, saa tano hadi karibu saa saba. Nikakaa. Wanafunzi wakipita wananitazama, wanakimbia. Nikadhani ni ile simu. Mwishowe mmoja akasimama kwa heshima zote.

"Mwalimu, umejichora?"

Nikaenda kwa kile kioo cha dirisha, kile kile cha asubuhi. Silva ikiwa kwa ngozi, na jua likaipiga, inageuka nyeusi. Nafundisha hivyo kila mwaka. Nilikuwa na mistari mitatu kwa kipaji cha uso na masharubu ya upande mmoja. Nusu sharubu! Nikakimbia kwa mfereji nikasugua na sabuni. Borehole. Hakuna povu. Na hata lingekuwepo, hiyo rangi haitoki mpaka ngozi yenyewe iamue.

Tukaitwa ndani. Principal alianza kusoma, akaniangalia, akarudi haraka kwa karatasi, mabega yanatetemeka. Chairman aliziba mdomo na kofia.

"Nafasi... nafasi amepata Madam Sintei."

Iliniuma. Siwafichi. Miaka mitatu si mchezo, na ile bika bado naiona nikifumba macho. Lakini nilikuwa nimemsikia akifundisha, na nisingeweza kusema nimeonewa. Nikamgeukia, nikamwomba msamaha kwa sauti kamili mbele ya wote wawili: kwamba nilimsingizia, kwamba nilijua nasingizia, na kwamba nikaendelea. Ni vigumu kusema maneno mazito ukiwa na nusu sharubu. Niliyasema.

Principal akakohoa. "Mwalimu Wafula, mkataba wako unaisha Ijumaa. Kama utaendelea ama hutaendelea, tumemwachia Madam Sintei. Maabara sasa ni yake."

Sintei akatazama mistari mitatu. Akatazama sharubu.

"Abaki," akasema kwa ile sauti ya kubembeleza. "Kemia anajua." Akafikiri kidogo. "Lakini maji nitakuwa naleta mimi."

Basi nikapewa mkataba wa mwaka mzima, jambo ambalo halijawahi kunitokea, nikiwa msaidizi wa mtu niliyemwambia asife moyo. Nimefika nyumbani, Mama Shantel amenifungulia mlango, ameona uso, na amecheka mpaka akakaa chini kwa kizingiti. Bado yuko hapo.

Nawaomba jambo moja tu, msicheke hapa ndani. Nimekumbuka sasa hivi kwamba juzi nilimwongeza Madam Sintei kwa hii grupu ili awepo mkinipongeza, na naona bosi wangu anaandika.